MWANI NA MALARIA: TUMECHOKA NA "INA UWEZO"

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Bumu lilichelewa, testi zikafuatana kama madaladala ya Mbagala asubuhi, na chumbani tunabebana kama kawaida, kwa hiyo kuandika ilikuwa shida. Waliodhani nimedisko poleni, bado nipo nipo sana.

Leo sina habari za kantini wala za nani kaachwa na nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu mwani. Ndiyo, mwani, yale majani ya baharini ambayo akina mama wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanayafunga kwenye kamba maji yakitoka. Msicheke. Someni mpaka mwisho halafu mnitukane vizuri.

Mambo mawili yamenifikisha hapa ndani ya wiki moja. La kwanza ni tangazo lililokuwa linasambazwa kwenye simu za watu hapa chuoni, kwamba kuna unga wa mwani unaosafisha damu, unaongeza nguvu za kiume (lazima hiyo iwepo, si unajua Bongo) na unaondoa "malaria sugu" ndani ya siku saba. La pili ni orodha ya mada za utafiti za mwaka wa tatu. Nimeisoma yote. Karibu kila mstari una maneno yale yale: uwezo wa mmea fulani kutibu ugonjwa fulani. Na mmoja wetu, msomi kabisa, kaandika mwani na malaria. Nilipomuuliza kwenye kimbweta atafanyaje, akanijibu, "Kaka, nasaga, naloweka kwenye spiriti, napima, naandika ina uwezo. Basi."

Ina uwezo! Hilo ndilo neno ninalotaka tulizike leo.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Mi siyo wa kundi la "dawa za baharini ni uchawi". Tena naamini kinyume chake. Naamini mwani ni jambo zito kuliko wanavyolichukulia muuza unga na msomi wetu, na ndiyo maana naona wote wawili wanalitukana. Mmoja anasema dawa tayari ipo kwenye kopo. Mwingine anasema uwezo upo, anachapa, anafunga jalada gumu, anahitimu. Katikati yao hakuna anayeifanya kazi yenyewe.

Sasa tuanze na kinachojulikana kweli, maana hapa kwetu tunabishana sana bila data.

Kule Fiji kuna mwani mwekundu unaitwa Callophycus serratus. Timu ya mwanakemia Julia Kubanek wa Georgia Tech, Marekani, ilichukua sampuli za mwani huo, na mwaka 2005 ikatangaza kemikali mpya zilizopewa jina la bromofikolaidi. Jina limetokana na bromini, ambayo bahari inayo tele. Mimea ya nchi kavu ni nadra sana kutengeneza vitu vyenye bromini, lakini mwani unajichotea tu kwenye maji. Kisha mwaka 2009 wakaonyesha kwamba baadhi ya kemikali hizo zinaua Plasmodium falciparum, kile kimelea kinachotumaliza huku kwetu, kikiwa kimefugwa kwenye damu ya binadamu maabara.

Kwa nini mwani uwe na sumu? Fikiria maisha yake. Hauwezi kukimbia, hauna miiba, umezungukwa na maji yaliyojaa bakteria na kuvu wanaotaka kuula. Kwa hiyo unajitengenezea silaha. Timu ile ile ilipiga "picha" za kikemikali za ngozi ya mwani, wakakuta bromofikolaidi hazijapakwa kila mahali. Zimelundikwa kwenye mabaka madogo yenye rangi hafifu, na zinazuia kuvu wanaoshambulia mwani. Februari 2011 Kubanek alieleza matokeo haya kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi Washington, magazeti yakashangilia dunia nzima. Mwani haukuwa na habari na malaria. Ulikuwa unapigana vita vyake na kuvu, sisi tukaokota silaha.

Na silaha yenyewe inafanya kazi mahali tunapopajua. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini kama mtu aliyekaa njaa mpaka bumu litoke. Tatizo lake ni kwamba mlo huo unaacha hemu, kitu chenye chuma ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Kwa hiyo kimelea kinaifungasha hemu kuwa fuwele ngumu zisizo na madhara, kama mtu anayefunga takataka kwenye mfuko. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba bromofikolaidi A inazuia ufungashaji huo, kimelea kinakufa kwa uchafu wake chenyewe. Mlango huo ndio uliotumiwa na klorokwini, dawa ya utoto wa kaka zetu, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima.

Najua kuna mjanja atauliza: kama klorokwini ilishindwa, mlango huo huo wa nini tena? Swali zuri. Klorokwini haikushindwa kwa sababu mlango ulizibwa. Hemu bado ni sumu na kimelea bado lazima kiifungashe. Kilichotokea ni kwamba kimelea kilibadilisha protini moja inayofanya kazi kama pampu, kikawa kinaitoa klorokwini nje kabla haijafika kazini. Ukipata kemikali yenye umbo ambalo pampu hiyo haiwezi kulishika, mlango bado uko wazi. Ndiyo maana molekuli ngeni ya baharini inawapa watu hamu.

Kuna kingine ambacho nilipokisoma nilitoka chumbani kwenda kumwamsha rafiki yangu. Kimelea cha malaria chenyewe kina undugu wa mbali na mwani! Ndani yake kuna kiungo kidogo kinaitwa apikoplasti, kilichoelezwa vizuri mwaka 1996 na 1997. Ni masalia ya mwani mwekundu uliomezwa na babu wa kimelea zamani za kale, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kiungo hicho hakitengenezi tena chakula kwa mwanga wa jua, lakini kimelea hakiwezi kuishi bila hicho. Doksisaiklini, ile ambayo watalii wengi humeza wakija kupanda Kilimanjaro, inakipiga hapo hapo. Hii haimaanishi ukila mwani utapona, msije mkaninukuu vibaya. Inamaanisha kwamba anayesoma biolojia ya mwani anasoma pia sehemu ya adui yetu, kwa hiyo wenzetu wa dawa waache kuwacheka watu wa botania.

Sawa. Hayo ndiyo tunayoyajua. Sasa niambieni, katika hayo yote, unga wa kwenye kopo umeingilia wapi?

Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni Eucheuma na Kappaphycus. Hiyo siyo Callophycus ya Fiji. Kwamba yote ni myekundu si hoja. Mnavu na mtunguja ni jamii moja, lakini hakuna mtu mwenye akili anayepika mboga ya mitunguja. Mbegu za mwani wa kulima zililetwa kutoka Ufilipino na kilimo cha kibiashara kikaanza mwaka 1989, baada ya miaka mingi ya utafiti na kelele za Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zilichaguliwa kwa sababu ya karajinani, ute unaoshikanisha dawa ya meno na aiskrimu. Hazikuchaguliwa kwa sababu ya malaria.

Kuna anayebisha: lakini sukari ndefu zenye salfa, jamii ya karajinani, zimeonekana maabara zikizuia kimelea kuingia kwenye chembe za damu. Ni kweli. Lakini ni molekuli kubwa mno. Ukiinywa inapita tumboni kama uji, haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana, na kimelea kiko kwenye damu. Jiki nayo inaua kimelea kwenye kisahani. Mbona huinywi?

Hapo ndipo ninapomgeukia msomi wetu wa kimbweta. Kuua kimelea kwenye kisahani ni hatua ya kwanza, na ndiyo rahisi kuliko zote. Tangu Trager na Jensen walipoweza kufuga kimelea hiki maabara mwaka 1976, vitu visivyohesabika vimekiua. Maswali yanayofuata ndiyo yanayotoa jasho. Je, kwa kipimo hicho hicho inaua na seli za binadamu? Ikiingia mwilini inadumu saa ngapi kabla ini halijaivunja? Inamezwa au lazima idungwe sindano? Mjamzito je? Mtoto wa kilo nne je? Tunaipata wapi tani nzima wakati mwani umetoa miligramu? Miaka zaidi ya 15 imepita tangu bromofikolaidi zionekane zinaua kimelea, na hakuna famasia yoyote duniani inayouza dawa ya malaria iliyotokana na mwani. Wale wenye vifaa vyote bado hawajafika. Wewe na spiriti yako unafika vipi kwa ukurasa mmoja wa hitimisho?

Ila bahari imewahi kufikisha watu, kwa hiyo nisiwavunje moyo. Kule Japani walitumia mwani mwekundu unaoitwa Digenea simplex kama dawa ya minyoo tangu zamani. Wanasayansi wao hawakuishia kuandika "una uwezo". Mwaka 1953 walitenga kemikali yenyewe, asidi ya kainiki, ikawa dawa iliyopimwa kwa uzito na watoto wakatibiwa minyoo kwa kipimo. Kwa hiyo mwani kuwa dawa siyo hadithi. Imeshatokea, kwa watu walioendelea baada ya kisahani.

Sasa kwa nini nakasirika hivi, si niache watu watafute maisha? Jamani, mwaka 2023 peke yake, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea Afrika, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hatuhesabu kitu cha mbali hapa. Kila mmoja wetu chuoni ana mdogo wake au mtoto wa jirani aliyekwenda hivyo.

Na dawa tuliyonayo inaanza kuchoka. Tanzania Bara tuliachana na klorokwini mwaka 2001 tukaingia kwenye SP, ikachoka haraka, mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Zanzibar walishahamia mseto mwaka 2003. Mseto umetubeba kwa zaidi ya miaka 15. Lakini mwaka 2020 watafiti wakaripoti Rwanda vimelea vyenye mabadiliko yanayovipa ustahimilivu kiasi dhidi ya artemisinini. Mwaka 2021 ikaripotiwa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti uliothibitisha hali hiyo Karagwe, mkoani Kagera. Karagwe ni kwetu, wadau. Mseto bado unaponya kwa sababu dawa ya pili iliyomo inasaidia, kwa hiyo ukiugua nenda kapime na umeze dozi yote. Ila saa imeanza kuhesabu.

Ndiyo maana muuza unga hanichekeshi. Mama mwenye mtoto mwenye homa akipoteza siku tatu za kwanza kwenye uji wa mwani, hizo siku hazirudi. Tulishaonywa mara ngapi? Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mwaka 2020 serikali yetu ilituma ndege Madagascar kufuata kinywaji cha mitishamba. Sisi ni watu wa kukimbilia kikombe. Na kila anayeandika "ina uwezo" bila kumalizia sentensi anamsaidia muuza kikombe, kwa sababu tangazo lile lilianza na maneno gani? "Wanasayansi wamethibitisha." Wanasayansi gani? Ninyi na majalada yenu!

Halafu kuna kundi jingine, na hili linajiona lina akili zaidi. Linasema: tuwaachie Wazungu na Wachina, wao wana hela, dawa ikipatikana itatufikia. Mtu anayesema hivyo hajasoma historia ya dawa za malaria hata ukurasa mmoja.

Soma kwinini. Ilitoka kwenye gome la mti wa sinkona, milima ya Andes. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou wakaitenga. Mwaka 1865 Mwingereza Charles Ledger akapata mbegu bora kabisa za mti huo kupitia mtumishi wake, Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa kule aliyeijua miti kwa macho. Waholanzi wakainunua sehemu ya mbegu hizo, wakapanda Java, na kabla ya Vita Kuu ya Pili Java ilikuwa inatoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Mamani? Alikamatwa kwao Bolivia, akapigwa, akafa. Aliyejua mti hakupata hata gome.

Soma artemisinini. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha Mradi 523 kwa sababu askari wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa kwa malaria. Waliingiza zaidi ya wanasayansi 500. Tu Youyou alirudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4, akaona kwamba mmea ulikamuliwa kwenye maji baridi bila kuchemshwa. Akabadilisha njia, akatumia etha isiyohitaji moto mkali, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafanya kazi. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakajijaribia dawa wenyewe kabla ya wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Nobeli. Wanaopenda kusema "China walitumia dawa za asili tu" waangalie tena: kitabu cha zamani kilitoa fununu, kazi ikafanywa na maabara, fedha za serikali na ukaidi. Wachina hawakusubiri imfikie mtu. Nao mwaka 1967 hawakuwa matajiri.

Na sisi tuliingia wapi kwenye artemisinini? Kama wakulima. Miaka ya 2004 na 2005 dunia ilipohitaji mseto kwa wingi, bei ya malighafi ikaruka, wakulima wa Arusha, Kenya na Uganda wakapanda Artemisia. Miaka michache baadaye bei ikaporomoka, watu wakabaki na magunia ya majani makavu. Kisha wataalamu wa Marekani wakaifundisha hamira, jamii ile ile ya hamira ya maandazi, kutengeneza asidi ya artemisini, na mwaka 2013 kiwanda cha Sanofi huko Italia kikaanza kuzalisha dawa bila shamba. Mnajua kilichomwokoa mkulima? Bei ya mmea ilikuwa imeshuka mno kiasi kwamba hata hamira ilishindwa kushindana nayo, kiwanda kikauzwa mwaka 2016. Yaani mkulima aliokolewa na umaskini wake mwenyewe. Huo ndio ushindi tunaousubiri?

Sasa rudisheni hadithi hiyo Paje. Mwenzangu mmoja chumbani ada yake ya sekondari ililipwa na mwani wa mama yake. Anajua bei kwa kilo kama anavyojua namba yake ya usajili. Zaidi ya watu 20,000 Zanzibar wanategemea kilimo hiki na wengi mno ni wanawake. Wanasimama kwenye maji ya kiuno wakati wa bamvua, jua la utosi, mgongo umepinda. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, imekataa sehemu nyingi kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi joto na magonjwa yameongezeka. Inayobaki ni spinosamu, na bei yake ni ya kusikitisha.

Kwa mama huyu, mtu anakuja na kusema: "Mama, mwani wako ni dawa ya malaria, utatajirika." Huo ni uongo mara mbili. Kwanza mwani wake siyo ule. Pili, hata kesho ikipatikana molekuli kwenye mwani wa pori unaoota miguuni pake, dawa haitanunuliwa kwake kwa kilo. Itachorwa kwenye karatasi, itaundwa kiwandani au itafundishwa hamira. Mwani unahitajika mara moja, gramu chache, siku ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza ndiyo siku pekee ambayo pwani yetu ina sauti. Sampuli ikishapanda ndege bila karatasi, kwisha habari.

Msiseme natia chumvi. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Kenya, likiwemo Bogoria. Baadaye kampuni ya Genencor ikauza vimeng'enya vya kufulia na kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likasimama kudai mgao, likisema vijidudu viliondoka bila ruhusa inayostahili. Miaka 12 baadaye ndio tunashtuka! Linganisheni na Fiji, ambako katika miaka ya 1990 wananchi wa Verata waliingia makubaliano kupitia Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kabla mimea na viumbe vyao vya baharini havijaenda kupimwa ng'ambo. Hawakupata dawa ya kuwatajirisha, lakini walilipwa kwa sampuli na walikuwa mezani. Leo kuna hata Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inayosema ridhaa kwanza, mgawanyo wa faida uandikwe. Sheria ya dunia ipo. Anayekosekana ni mtu wa kukaa ufukweni na kalamu.

Mtaniambia hatuna uwezo wa kisayansi. Hapo ndipo damu inanichemka. Bagamoyo na Korogwe zilishiriki majaribio ya chanjo ya RTS,S. Bagamoyo ikashiriki tena kwenye R21. Taasisi ya Ifakara ipo. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili tangu mwaka 1974. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko pale Unguja tangu mwaka 1978, na mtafiti kama Dakta Flower Msuya ametumia miaka na miaka akifanya kazi na wakulima wenyewe, na huo mfano tunao. Yaani nchi hii ina madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaoaminika kupima dawa na chanjo za watu wengine kwenye miili ya watoto wetu kwa viwango vya kimataifa. Halafu mnaniambia hatuwezi kuokota mwani wetu, kuupa jina sahihi, kuukausha, kuuchuja na kuupima?

Nasikia mtu anasema, haya mlalamikaji, wewe unataka nini? Nataka hivi. Sisi wa mwaka wa tatu tuache kurudia utafiti mmoja watu 30. Tuko 30, tugawane pwani. Mmoja achukue Tanga, mwingine Bagamoyo, mwingine Kilwa, Mtwara, Mafia, wenzetu wa Kenya wachukue Lamu na Kilifi. Kila mmoja akusanye mwani wa pori, aandike jina la kisayansi na jina la wenyeji, siku, kina cha maji, na majira ya bamvua. Ahifadhi sampuli moja inayoweza kukaguliwa miaka 20 ijayo. Achuje kwa njia moja tuliyokubaliana wote. Tukimaliza tutakuwa na maktaba ya mwani wa pwani, siyo majalada 30 ya "ina uwezo" yanayoliwa na mende. Kisha maktaba hiyo ipelekwe palipo na kimelea hai, ipimwe pamoja na seli za binadamu siku hiyo hiyo. Zitakazofeli, na nyingi zitafeli, ziandikwe kwamba zimefeli. Kufeli kulikoandikwa vizuri kunamwokoa anayefuata mwaka mzima. Kwetu hakuna mtu anayeandika kufeli kwa sababu tunaogopa sapu.

Na kabla mtu hajainama kuokota jani la kwanza, akae na kamati ya kijiji, aeleze, asikilizwe au akataliwe, na makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa mwani anaweza kukisoma na kukirudia kwa jirani yake. Ikipatikana molekuli, kijiji kimetajwa. Isipopatikana, hakuna aliyedanganywa.

Hii siyo kazi ya mabilioni. Ni ndoo, kalamu, spiriti ile ile mnayoimwaga kila mwaka, na adabu. Hatua za baadaye ndizo za mabilioni, na hakuna anayekuletea mabilioni kama huna hata orodha ya kilichopo nyumbani kwako.

Najua nitajibiwa kwamba nawavunjia watu heshima, na kwamba digrii ni digrii. Sawa. Lakini kimelea cha Karagwe hakisomi vyeti. Kinabadilika kila kinapozaliana, na kinazaliana haraka kuliko tunavyopangiwa ratiba ya mitihani.

Basi, mwenye mada ya mwani ajitokeze tuongee, tena nina ndoo mbili chini ya kitanda. Mwenye unga wa kopo naye aje na ushahidi wake, nitamsikiliza nikiwa nimekaa mbali. Na ukiwa na homa usiku huu, usisome maandiko yangu, nenda kapime.

Kesho nina praktiko saa mbili asubuhi. Alamsiki.